Kazi Yangu ya Kuushuhudia Mpaka wa Masanja

Nilianza kazi kwa wizi. Baba na jirani yetu mpya, Masanja, walikuwa wameinama wanapanda minyaa kwenye mpaka wa mashamba yao. Wazee waliokuja kushuhudia walikuwa wametupa mgongo, wanabishana kama mstari umenyooka. Kibuyu cha rubisi kilikaa peke yake kwenye nyasi, mrija umesimama ndani yake. Nilikuwa darasa la pili na akili zangu zilikuwa za darasa la kwanza. Nikapiga magoti, nikavuta. Nikavuta tena. Mtu yeyote mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilivuta hadi mrija ukaanza kukoroma, na mkoromo huo ndio uliowageuza wazee.

Mzee Bukuru, aliyekuwa mkubwa wa mashahidi, alinishika sikio.

"Umemeza au umetema?"

"Nimemeza, babu."

"Basi umekwisha," akasema, akawageukia wenzake. "Tumepata shahidi mwingine. Mjinga, lakini atatuzika sote."

Niwaeleze nyie ambao hamjawahi kuonja. Kwetu huku Ngara mpaka wa shamba hauandikwi popote. Unapandwa minyaa, ile miti isiyo na majani ya maana, yenye utomvu mweupe wa kuunguza macho, halafu waliokuwepo wananywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja. Aliyekunywa ni shahidi, na ushahidi huo haumwachi hadi afe. Ukizuka ugomvi anaitwa, anawekewa kichwani bonge la udongo pamoja na nyasi zake, anatembea juu ya mstari watu wakimfuata. Akidanganya, udongo ule unamkumbuka, unamwita mapema. Ndivyo wazee wanavyosema, na wanasema wakiwa hawacheki.

Leo niko darasa la saba, ndevu zimeanza kuchungulia, na nimestaafu. Nawaandikia wadogo zangu wa darasa la nne na la tano ambao nawaona mnavyovizunguka vibuyu vya watu wakubwa. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwepo. Kupanda cheo nako sitakutaja. Juu ya shahidi kuna cheo kimoja tu, marehemu.

Masanja alitoka Shinyanga na maksai wake na mke wake, Mama Limi, akitafuta mahali penye mvua. Baba alimkatia kipande cha shamba letu kule kilimani, naye akampa baba mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Hiyo ndiyo biashara yote. Mtamba kwetu, shamba kwake, minyaa katikati, rubisi tumboni. Naomba mmkumbuke huyo mtamba, maana kuna watu wazima walijaribu kumsahau.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa huyo huyo Mzee Bukuru. Alikuwa mkali, mchafu wa ugoro, na majina ya wajukuu zake aliyachanganya kila siku. Mpaka wa shamba hakuuchanganya. Kila kiangazi alinipandisha kilimani, ananitembeza kwenye mstari.

"Hapa pana nini?"

"Pana mnyaa, babu."

"Nimekuuliza pana nini, siyo unaona nini! Mnyaa hata mbuzi anauona!"

Ndipo nikajifunza vifaa vya kazi. Shahidi mjinga anakariri miti, na mti unakufa au unang'olewa. Shahidi mwenye kazi yake anakariri mambo. Hapa ndipo Masanja alijikata kidole kwa panga akakataa kusema ameumia. Hapa baba aliteleza, watu wakacheka, yeye akasema alikuwa anapima ulaini wa udongo. Hapa kwenye tuta la mchwa mstari unapinda kidogo, kwa sababu hakuna aliyetaka kulichimba. Na mwisho, pale kwenye jiwe kubwa bapa, mstari unapita upande wetu, jiwe linabaki kwa Masanja, maana Mama Limi alilitaka kwa kuanikia mtama. Nikikosea, Mzee Bukuru alinirudisha mwanzo. Nikipatia, alinirudisha mwanzo pia, asije akanizoesha vibaya.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Tukashushwa sote kutoka vilimani, tukapangwa kando ya barabara kama viazi kwenye tuta. Migomba ikabaki juu, na minyaa yetu pia. Mwenyekiti wa kijiji alisimama juu ya kreti ya soda, akatutangazia kwamba kuanzia siku ile hakuna changu wala chako, ardhi ni ya wote, mipaka imefutwa. Watu wakapiga makofi, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuwa mgambo walikuwa wanaangalia nani hapigi.

"Babu," nikamnong'oneza Mzee Bukuru, "kazi yetu imekufa?"

"Imefutwa na nani?"

"Na Mwenyekiti."

"Na rubisi nayo ameifuta tumboni mwako?"

Kwa hiyo tuliendelea kupanda kilimani, yeye na fimbo yake na mimi na njaa yangu, kushuhudia mpaka ambao kisheria haukuwepo. Huyo ndiye bosi niliyekuwa naye.

Vita ilipokuja, mambo yalibadilika haraka. Wenye nyumba za bati waliambiwa wayafunike mabati yao kwa majani ya migomba ndege za adui zisiyaone yakimeta. Sisi wa nyasi tukawa matajiri kwa usalama. Sabuni ikapotea, chumvi ikawa ya kunusa. Wanaume wenye nguvu wakachukuliwa mgambo, wakapakiwa kwenye malori. Baba akaenda, Masanja akaenda, na mmoja wa mashahidi wetu akaenda nao. Shahidi mwingine alikuwa ameshahamia Biharamulo kwa mwanawe. Mzee Bukuru yeye hakusubiri vita wala nini, alikufa mvua za kwanza zilipoanza, akimgombeza aliyekuwa anamnywesha uji.

Kwa hiyo, msomaji, hesabu ni nyepesi. Shahidi wa mpaka wa Masanja aliyebaki ni mimi, mwanafunzi wa darasa la saba, niliyeadhibiwa juzi tu kwa kumwiga mwalimu mkuu anavyopiga chafya.

Chakula kilipopungua, amri nyingine ikashuka, na ilishuka kwa mdomo ule ule wa juu ya kreti. Kila kaya irudi kwenye migomba yake ya zamani, ipalilie, tupate chakula. Yake! Watu walitazamana. Lile neno lililofutwa lilirudi mchana kweupe, na hakuna aliyeliomba samahani.

Migomba ya kwetu ilikuwa imemezwa na vichaka. Ya Mama Limi iling'aa. Yule mama miaka yote ile alikuwa anapanda kilimani alfajiri, anakata majani makavu, anatandika nyasi, anashuka kabla Mwenyekiti hajaamka. Sasa mume yuko vitani, ana watoto wadogo wanaomzunguka kama vifaranga, na wote wanakula kutoka kwenye migomba ile. Hawakuwa na kingine. Ndugu zake wako Shinyanga, na kuku aliokuwa nao walikwisha siku nyingi.

Na hapa ndipo anapoingia baba yangu mdogo, Laurenti. Yeye hakuchukuliwa mgambo kwa sababu ya mguu. Mguu wenyewe ulikuwa mzima kabisa, unauma tu ikitajwa vita. Baba alimwachia kazi ya kututazama, na kweli alitutazama. Alitazama shamba letu, akatazama la jirani, akaona la jirani ni zuri zaidi.

Siku moja Mama Limi alikuja nyumbani, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mama Deo," akamwambia mama, "minyaa imetembea."

Tulipanda wote watatu. Ilikuwa imetembea kweli, tena kwa hatua kubwa. Mstari mzima umehamia ndani ya migomba ya Masanja, vijiti vipya, udongo mbichi, na nusu ya migomba yake iko upande wetu. Ile ya zamani imeng'olewa, imetupwa bondeni. Mama alizunguka, akaokota kijiti kimoja, akakinusa, akakiweka chini. Mimi nilisema mengi, na mengi kati ya hayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyasoma.

Wakati tunashuka tulikutana na baba mdogo njiani. Macho yake yalikuwa mekundu yamevimba, amebaki na vipenyo viwili tu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Vumbi limeniingia."

"Pole. Vumbi jeupe lile la kunata, au la kawaida?"

Alininyooshea fimbo, lakini kwa macho yale alinyooshea mgomba uliokuwa pembeni yangu.

"Shemeji," akamwambia mama, "mfunge mdomo mwanao. Mimi namtunzia kaka mali yake. Masanja ni mtu wa kuja. Nani anajua kama atarudi?"

"Na kaka yako nani anajua kama atarudi?" mama akauliza, taratibu kabisa. "Naye umeshampimia?"

Baba mdogo akasema lile neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa nakula, chakula kinakuwa jivu. "Ng'ombe mnayemkamua yuko kwa ndugu yangu, na ndugu yangu hayupo, kwa hiyo ni wangu hadi arudi. Nyumba yenye ulimi mrefu hainywi maziwa yangu."

Ng'ombe gani? Yule yule mweusi mwenye doa jeupe! Mtamba wa Masanja, amekua, amezaa, mdogo wangu Edita anakunywa maziwa yake kila asubuhi. Mtu anataka kuchukua shamba lililouzwa na bei yake pia, halafu anajiita mtunza mali. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Mama alinishika mkono akanivuta.

Mama Limi alipeleka shauri kwa Mwenyekiti. Nasikia alimjibu kwanza kwamba hakuna shauri kwa sababu hakuna mipaka. Mama Limi akakaa chini palepale mlangoni na watoto wake wote, wakaanza kulia njaa kwa zamu. Jioni ile shauri likapatikana.

Lilisikilizwa Jumapili baada ya misa, kule kule kilimani, wazee wa baraza wamekaa kwenye nyasi, wanawake wamesimama nyuma. Baba mdogo alisema mpaka ulikuwa hapo siku zote. Mama Limi alisema la, akaulizwa mashahidi wake wako wapi.

"Bukuru yuko kaburini. Mwingine Biharamulo. Mwingine yuko vitani na mume wangu, anapigana kwa ajili yenu."

"Kwa hiyo hana shahidi," baba mdogo akasema, akaanza kusimama.

"Nipo mimi," nikasema.

Walicheka. Hata mbwa wa Mwenyekiti naona alicheka.

"Wewe?" baba mdogo akasema. "Siku ile wewe si ulikuwa unakojoa kitandani?"

"Nilikojoa, baba mdogo. Lakini nilikunywa kwanza."

Wazee wakageukiana. Mmoja wao, aliyekuwa anamjua Mzee Bukuru, alikuna kidevu. "Hata Bukuru alisema hivyo. Alikuwa analalamika kila pombe kwamba amepata mwanafunzi mjinga. Kama alikunywa, alikunywa. Nani ataweza kumtapisha sasa?"

Mwenyekiti akakohoa kile kikohozi chake cha kwenye kreti. "Wazee, tusisahau siasa. Ardhi ni ya kijiji. Mipaka tulishaifuta."

"Mwenyekiti, shikamoo," nikasema. "Kama mipaka imefutwa, baba mdogo alikuwa anapanda nini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti alitazama minyaa mipya, akatazama viatu vyake. Nilitamani awe amepanda juu ya kitu, nimwone akishuka. Hao ndio watu wazima wetu! Mama mmoja anapalilia miaka yote kwa kujificha kwa sababu ya maneno yao, na siku migomba ikizaa wanasema maneno mengine. Nasema hivi nikiwa na adabu zangu zote, ambazo si nyingi.

"Abebe udongo basi!" baba mdogo akapiga kelele. "Abebe mbele ya mama yake, tuone! Na ajue anagawa shamba la baba yake mzazi!"

Wakachimba bonge, wakaniwekea kichwani. Ni zito kuliko linavyoonekana, na lina minyoo. Mmoja uliniteremkia shingoni. Nilikuwa nimepanga mzaha wa kusema wakiniwekea, lakini ulipofika wakati sikuukumbuka, na hadi leo sijaukumbuka.

Nikaanza kutembea. Hapa Masanja alijikata kidole, nikasema kwa sauti, chimbeni. Wakachimba, wakakuta mzizi wa mnyaa umekatikia chini ya udongo, bado unatoa maziwa. Hapa baba aliteleza, chimbeni. Mzizi. Kwenye tuta la mchwa nikapinda bila kuulizwa, na mzee mmoja akaguna, "Ni Bukuru mtupu." Upande wa kulia migomba ya Mama Limi ilikuwa inamrudia mmoja baada ya mwingine, na yeye anatembea sambamba nami, anaigusa kila mmoja akiupita.

Upande wa kushoto alikuwa mama. Nilimtazama, nikamkumbuka ng'ombe.

Kwenye jiwe kulikuwa na migomba miwili mikubwa, mikungu yake imeinama hadi karibu ya ardhi. Nyie wasomaji nilishawaambia kwamba mstari unapita upande wetu wa jiwe. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilifikiri, ng'ombe anaondoka leo. Edita atakunywa nini? Tumempa huyu mama shamba zima mbele ya kijiji, atakosa nini akikosa miwili? Na nani yuko hai wa kunipinga? Mguu wangu ukapita upande wa pili. Jiwe likabaki kwetu na migomba yake miwili.

"Hapa ndio mwisho," nikasema. Sikuwaambia wachimbe. Hawakuchimba, walikuwa wameshaniamini.

Mama Limi alilitazama jiwe lake la mtama. Kisha akanitazama mimi. Kisha akapiga goti kidogo, yeye mtu mzima, mbele yangu mimi.

"Wabeja," akasema. Ndiyo asante yao Wasukuma.

Wazee wakaamua mpaka ni pale alipopita kijana. Mwenyekiti akatoa hotuba kana kwamba alikuwa na msimamo huo tangu kuzaliwa. Baba mdogo hakupewa adhabu yoyote, ilisemwa tu kwamba alipitiwa. Amepitiwa! Mtu anang'oa mstari mzima wa minyaa kwa mikono yake, anapofuka karibu kabisa, halafu amepitiwa. Mimi nikipitiwa na saa ya shule nachapwa. Watu walinipiga mabegani, mzee mmoja akasema nitakuja kuwa hakimu, na nilicheka nao kwa meno yote, huku bonge likiwa bado halijatoka kichwani.

Mchana ule ule baba mdogo alikuja na kamba. Mama hakubishana. Alikwenda mwenyewe zizini, akamfungua yule ng'ombe mweusi na ndama wake, akampa ncha ya kamba mkononi kwa kuwa macho yake bado yalikuwa yanaitafuta. Edita alilia. Baba mdogo aliondoka anavutwa na ng'ombe zaidi kuliko alivyokuwa anamvuta.

Nilikaa jikoni nikimsubiri mama aniseme kwa ajili ya ng'ombe. Nilikuwa nimeandaa majibu, mazuri tu, ya haki na ya ukweli, kuhusu watoto wa Masanja na kiapo cha udongo. Mama aliivisha ndizi, akatupakulia, akamsubiri Edita alale. Alipokuwa anasugua sufuria kwa majivu, bila kugeuka, alisema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Ile migomba miwili ya kwenye jiwe si yetu, na wewe unajua. Kesho kabla ya shule utarudi ukaseme mbele ya wale wale, udongo nitakuchimbia mimi. Halafu hiyo kazi basi."